Dk. Samiha Ngwali Silima, Aliyevifanya Vigae Visikie

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, atoaye uhai na kuutwaa. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Talib, kwenye hitima ya Ijumaa, tarehe 7 Novemba 2025, Tibirinzi, Chake Chake.

Marehemu Samiha alizaliwa Msuka tarehe 14 Machi 1978, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Ngwali Silima na Bi Time. Alisoma skuli ya msingi hapo hapo kijijini, kisha akahamia kwa shangazi yetu Tibirinzi ili asome sekondari. Shahada ya fizikia aliipata Dar es Salaam, na ya uzamivu India, mwaka 2007.

Kazi yake ilikuwa kauri za umeme, yaani vigae vidogo vya unga maalumu uliokandamizwa na kuchomwa kwa moto mkali, ambavyo huhifadhi chaji na hutoa umeme vinapobanwa. Siku moja mama alimuuliza anafanya nini huko chuoni.

"Naoka vigae, mama."

"Vya kuezekea?"

"Vya kusikilizia."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Lakini Samiha hakuwa anatania. Wataalamu wengi waliviona vitundu vya hewa ndani ya kigae kuwa ni kasoro, kwa sababu hewa haihifadhi chaji kama kauri. Yeye alikubali kuwa vinapunguza chaji, ila aliona kuwa kigae hicho hicho kikitiwa majini huisikia vizuri zaidi sauti inayokibana, mradi vitundu viwe vimeenea sawasawa na chembe za kauri zisiachwe zikakua kupita kiasi. Alichanganya unga wake na wanga wa muhogo. Wanga uliungua tanuuni, ukaacha vitundu vya kadiri aliyoitaka. Kazi hiyo ilimchukua miaka sita.

Mwaka 2008 aliolewa na Dk. Khatib Bakar, mwalimu mwenzake katika chuo kimoja cha bara. Mungu aliwajaalia Ruweida, kisha Usama, aliyezaliwa mwaka 2016. Akiwa bado kwenye uzazi, Samiha alimpa mumewe makala ya utafiti wake aipitie kabla ya kuituma kwenye jarida. Alimwamini. Angemwamini nani mwingine?

Miezi kadhaa baadaye mwanafunzi mmoja alimsimamisha ukumbini: "Hongera, mwalimu. Kazi ya baba Ruweida imetoka." Samiha aliisoma papo hapo, amesimama. Maneno yalikuwa yake, picha za hadubini zake, wanga wa muhogo wake. Mwandishi alikuwa Khatib peke yake. Jina la Samiha lilikuwa mwishoni kabisa, kati ya walioshukuriwa kwa msaada wa maabara.

"Khatib, jina langu liko wapi?"

"Si sote nyumba moja? Changu si chako?"

"Basi ungeandika langu."

Alilalamika chuoni. Wakubwa zake walimsikiliza kwa upole, wakamwambia hilo ni jambo la mume na mke, wakalimalize nyumbani. Mwaka uliofuata Khatib alipandishwa cheo kwa kazi hiyo. Samiha alidai talaka, akaipata, akarudi Pemba na watoto wake mwaka 2018.

Alisomesha fizikia katika skuli ya sekondari upande wa Mtambile, na alipendwa mno. Lakini sisi wa nyumbani tulijua kuwa hakurudia tena kuandika utafiti. Tukimuuliza sababu, alisema, "Nikimaliza nimpe nani asome?"

Saratani ya titi iligunduliwa mwaka 2023. Alitibiwa kwa subira kubwa. Septemba mwaka huu Khatib alikuja kumtazama, akalia mbele yetu.

"Samiha, nisamehe."

"Jina langu wewe ulilifuta, wewe ulirudishe. Waandikie jarida. Ukishafanya hivyo, njoo, tutazungumza."

Aliitikia, akaondoka. Hakuandika. Samiha alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa mikononi mwa mama.

Khatib alikuja kuzika, na leo yumo humu. Tunamshukuru kwa kuja. Ametuomba tuseme katika wasifu huu kwamba marehemu alimsamehe. Nilitaka kukubali, kwa ajili ya watoto. Nilipomwambia Ruweida, alinitazama akasema, "Mjomba, maneno ya mama washayachukua mara moja. Msimtungie mengine."

Kwa hiyo hatukusema.

Marehemu ameacha mama, Bi Time. Watoto wawili, Ruweida na Usama. Na ndugu wawili, mimi Talib na Asma. Ee Mola, haki yake iko kwako. Mpokee kwa jina lake, na umpe utulivu ambao sisi hatukuweza kumpa.