Dakta Herbert na Asidi Yake ya Ndimu

Tarehe 30 Juni, Dakta Herbert Temu anastaafu baada ya kuyahudumia meno ya Karatu kwa miaka thelathini na mmoja. Viraka vingi alivyobandika vilistaafu kabla yake, vingine siku ileile vilipobandikwa.

Kwa kung'oa hana mpinzani. Wazee wa Olbalbal walikuwa wakiinuka kitini, jino limeshatoka, huku wakiuliza ataanza lini. Laiti angeishia hapo.

Kabla ya kubandika kiraka, jino hupakwa asidi ili likwaruzike na gundi ipate pa kushika. Sisi wenzake hapa kliniki tunatumia ya fosforiki. Dakta Herbert aliiona kali mno, akasema jino si betri ya gari, akajitengenezea yake ya ndimu, laini, isiyomuudhi mtu. Haikuliudhi hata jino. Meno yetu ya huku, yaliyogeuka kahawia kwa maji yenye floraidi, yaliioga tu yakabaki vilevile. Viraka vikadondokea kwenye makande, na kimoja kwenye sahani ya mchungaji.

Aliyeumia hasa ni Resiato wa Ololosokwan, mwongoza watalii aliyevunjika jino la mbele. Mwajiri wake alimwondoa mbele ya wageni mpaka alitengeneze. Dakta Herbert akambandika kwa ndimu yake, akarudi kazini, kiraka kikatoka katikati ya maelezo ya faru. Akabandikwa tena, kikatoka tena, na mwajiri akasema sasa basi, anatafuta mwingine. Alilia kwenye korido yetu, na Dakta akamshauri apunguze kuongea. Kumwambia hivyo mwongoza watalii! Ilituuma, na bado inatuuma.

Dakta Evarista wa chumba cha pili alimpaka asidi ya kawaida, akaiacha ikae zaidi kidogo kwa sababu ya ugumu wa jino. Kiraka kipo, na kazi ipo. Dakta Herbert alinuna wiki nzima.

Mwezi uliopita mwenyewe alivunja jino la mbele kwa mfupa wa mbuzi. Akajifungia na Dakta Evarista, ambaye kwa heshima alinyoosha mkono kwenye chupa ya ndimu. Benchi zima la wagonjwa lilisikia: “Hiyo usiniwekee, bwana! Weka ile inayoshika!” Resiato alikuwa kwenye benchi hilo, amekuja kusafishwa meno.

Asante, Dakta, kwa mkono mwepesi na kwa vicheko. Chupa zako tumezifunga vizuri, zitakufaa kwenye kachumbari. Tunakuombea mapumziko yenye afya na nyama isiyo na mifupa. Picha ya leo atapiga Resiato, naye anaomba ucheke mpaka jino lionekane.