Mzee Jamleck Muiruri: Miaka 32, na Kontena Moja Hakukubali Ifutwe

Watu wa shamba, sikieni! Tarehe 30 Juni, Mzee Jamleck Muiruri anamaliza kazi baada ya miaka thelathini na mbili kwa hii shamba yetu ya maua hapa Naivasha. Miaka thelathini na mbili! Kuna watu hapa hawajamaliza hata miezi mitatu na tayari mgongo unawauma. Mimi ni Kipsang, yule wa kusukuma troli za chumba cha baridi, na nimepewa kazi ya kuandika hii wasifu sababu ati naongea sana. Sawa basi, kaeni vizuri.

Mzee aliingia 1993 akitoka Njoro, na gumboot za kuazima. Alianza na kubeba ndoo kwa greenhouse, akapelekwa kupanga maua, akawekwa stoo. Siku kompyuta ya kwanza ililetwa, meneja akauliza nani amewahi kushika kompyuta. Mzee akainua mkono. Na hakudanganya: alikuwa ameishika asubuhi hiyo hiyo akiipakua kwa lori! Akapewa kitabu yake, akaisoma mpaka kurasa zikatoka. Mwaka kuisha, meneja mwenyewe ndiye alikuwa anamwita akikwama.

Sasa kwa wale hawajui kazi yake ya siku hizi. Programu za shamba zinakaa kwa seva, ile kompyuta kubwa ya ofisi, na kila moja iko ndani ya kitu inaitwa kontena. Ni kama single room ya mtaa wa Karagita: kitanda, jiko, nguo, yote chumba moja. Ya kuchapisha lebo iko na chumba yake, ya mita za maji iko na yake. Na kuizima si kubonyeza picha. Unaandika amri kwa skrini nyeusi, kama mtu anatuma barua kwa shetani.

Mzee alinifundisha nikingojea lebo. Ukiandika docker stop, hiyo ni kubisha mlango. Programu inaambiwa imalize kazi itoke, inapewa sekunde kumi, ikikataa inatolewa kwa nguvu. Lakini chumba inabaki, na vitu zake zote. Ukiandika docker rm, hiyo sasa ni kubomoa chumba na kila kitu iko ndani. Na ukiongeza -f, hata hubishi. Unakuja na tingatinga watu wakiwa kwa meza.

Kwa hivyo Mzee alikuwa na sheria. Kabla ya kugusa kontena yoyote anasoma jina kwa sauti, na lazima mtu ajibu ni kazi ya nani. Kama hakuna mtu anajua, inasimamishwa tu, inakaa siku nzima, tusikie nani atapiga kelele. Wengine walikuwa wanacheka. Mimi pia nilicheka, sitaficha.

Halafu ikafika Februari, ile wiki ya Valentine. Seva ikajaa pap! Lebo zikakataa kutoka, lori iko nje inanguruma. Mzee na Maxwel, injinia wetu wa digrii mbili, wakaanza kutafuta nafasi. Wakapata kontena moja bado inafanya kazi, na jina kompyuta iliitungia yenyewe. Mzee akasoma kwa sauti. Akaniangalia mimi.

“Mzee, mimi najua tu ya troli,” nikasema.

“Hiyo ni takataka,” Maxwel akasema. “Wacha nipige rm -f tumalize, lori inangoja.”

“Stop tu. Halafu tungoje.”

“Mzee, utatungojesha mpaka Pasaka!”

“Hata Pasaka watu wananunua maua, kijana.”

Akaisimamisha. Halafu akaandika docker ps -a, ile inaonyesha hata zile zimezimwa, akapata zingine zimekufa tangu mwaka jana na kila moja inajulikana ilikuwa ya nani. Hizo ndizo akafuta, moja moja. Nafasi ikarudi, lebo zikaanza kutoka. Maxwel akawa bado anataka kufuta ile moja. Kidole iko juu ya Enter, nawaambia ukweli!

Mlango ukafunguka. Ni Lynn wa chumba cha baridi namba tatu, amebakisha wiki tatu apewe kazi ya kudumu. Jasho mpaka kwa shingo.

“Nani amezima skrini yangu ya joto? Mnunuzi anataka rekodi ya joto ya siku tatu kabla lori itoke! Bila hiyo maua inakataliwa, na mimi narudi nyumbani Kaptembwo bila kazi!”

Maxwel akatoa kidole pole pole kama mtu ameona nyoka. Mzee akaandika docker start na lile jina refu. Tukangoja. Skrini ikaamka. Siku tatu zote, saa kwa saa, ziko hapo!

Ndio tukajua zile rekodi zilikuwa zinakaa ndani ya kontena yenyewe. Tungeifuta, zingeenda nayo, na hakuna mahali pengine zilikuwa. Maxwel akauliza nani aliiweka hivyo bila folda ya nje ya kuweka rekodi.

“Ni mimi,” Mzee akasema. “Desemba, nikiwa na haraka. Hata jina sikuipatia, nikaisahau.”

Akanakili rekodi zote nje kwanza, akampa Lynn, halafu akaandika ripoti ya kosa na jina lake mwenyewe juu. Miezi minne tu kabla ya kustaafu! Angenyamaza, nani angejua? Lori ikatoka imechelewa dakika ishirini. Maua ikapokelewa yote.

Machi, Lynn akapata barua ya kazi. Leo anasimamia watu kumi na moja.

Mzee amekataa zawadi ya saa ya ukutani. Ameomba kitu moja: siku yake ya mwisho asimame nje aone lori ya jioni ikitoka. Lynn ndiye ataipakia, na sahihi yake ndiyo itakuwa kwa karatasi ya joto.

Asante, Mzee. Enda Njoro ulale mpaka jua ikuchome, na kila siku yako mbele iwe tamu. Sisi tunakupenda sana, na lori itapiga honi.