Milimita Aliyekataa Kutia Saini

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Milimita anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika karakana yetu. Jina hilo alibandikwa na mafundi wenzake mwaka wake wa kwanza, alipokataa mlango mzima kwa kosa la milimita moja ambalo wengine hatukuliona hata tulipooneshwa. Alianza kwa kufagia vumbi la mbao, akapanda hadi kuwa mkuu wa upasuaji wa mbao, na anaondoka na vidole vyake vyote kumi. Wanaoijua kazi hii wataelewa sifa hiyo.

Lakini mimi, fundi wa kupaka vanishi, sikukamata kalamu kwa ajili ya vidole. Nataka kueleza habari za ile mashine.

Miaka miwili iliyopita tuliletewa mashine mpya ya msumeno wa mkanda. Ilitetemeka tangu siku ya kwanza, hadi kikombe cha chai kikatembea chenyewe juu ya meza yake na kudondoka. Mbao zikatoka na mawimbi. Fundi wa muuzaji akaja, akachungulia dakika kumi, akasema mashine ni nzima, anayetetemeka ni mzee. Meneja wetu, ambaye atanisamehe maana yumo humu ukumbini, akaandaa barua: Milimita akiri ameiharibu mashine kwa kutojua kuitumia, kisha ahamie stoo kuhesabu misumari. Nyumbani mkewe alimsihi atie saini yaishe. Hakutia. Sisi wenzake tuliumia, tukanyamaza, na aibu hiyo ni yetu.

Asubuhi iliyofuata alimwita meneja pamoja na yule fundi wa muuzaji. Akavua ule mkanda wa meno, akawasha mashine: mtetemo uko palepale. Basi si msumeno. Akatoa beliti inayounganisha mota na magurudumu, akawasha mota peke yake: imetulia tuli. Basi si mota. Yakabaki magurudumu mawili yanayobeba mkanda, na la juu halikuwa na neno, maana bila mkanda halizunguki. La chini akalitia alama ya chaki ukingoni, akalizungusha kwa mkono, likasimama alama ikiwa chini. Akarudia mara saba, na mara saba alama ikarudi chini, kwa kuwa upande ule ulikuwa mzito kuliko mwingine. Fundi wa muuzaji akadai magurudumu yote ndivyo yalivyo.  Milimita alikwenda kwenye mashine yetu kuukuu, akazungusha gurudumu lake la chini, nalo likasimama kila mara mahali tofauti. 

Gurudumu jipya likaletwa, barua ikachanwa, na tangu hapo mashine inaunguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Viti mnavyokalia leo vimepita hapo.

Mwezi uliopita uongozi uleule ulimbembeleza aongeze mwaka mmoja. Akasema, "Nilikataa kuondolewa kabla ya siku yangu. Sitakaa hata moja baada yake."

Mzee wetu, asante kwa kazi, na zaidi kwa ukaidi wako. Tunakuombea afya na asubuhi ndefu zisizo na king'ora, wewe na mama. Atakayesema umeondoka kwa kuchoka, aje aniulize mimi.