Glasi za Marehemu Ermete Ghirarduzzi

Kwa unyenyekevu mbele za Mungu na mbele yenu waombolezaji, familia inawasomea maisha ya mzee wetu Ermete, aliyezaliwa Langhirano tarehe 3 Machi 1938, mtoto wa pili wa mkausha mapaja ya nguruwe, akasoma hadi darasa la tano, kisha akafundishwa muziki na mpiga kinanda wa parokia.

Mwaka 1961 aliajiriwa katika okestra ya opera mjini Parma, kazi yake ikiwa kuzungusha vidole vilivyolowa kwenye midomo ya glasi zenye maji ili zilie, kila mwimbaji anapofika mahali pa kuota au kurukwa na akili, kwa sababu, kama alivyozoea kusema, "Fidla unaisikia inapoanza, glasi unashtukia tu umo ndani, kama usingizi."

Tarehe 26 Desemba 1966, siku ya kufungua msimu, marehemu alikula kwa vidole nyama ya nguruwe ya kwao nyuma ya pazia, akajipangusa kwenye suruali, na mwimbaji Ilde Bocchialini alipoanza kuimba sehemu ya mjane anayerukwa na akili, mafuta ya vidole yakazinyamazisha glasi, Ilde akaimba peke yake hadi mwisho, huku watazamaji wa roshani ya juu, wasiomsamehe mtu, wakipiga kelele, "We wa glasi, amka! Anayeota ni yeye, siyo wewe!"

Pazia liliposhuka, Ilde alimfuata: "Wewe bwana, umeniacha kichaa peke yangu."

Marehemu aliungama, padri akamwambia kula nyama siyo dhambi, hakuridhika, akaenda kumwapia Ilde kwamba hatamwacha tena, wakafunga ndoa tarehe 4 Mei 1968, bwana harusi akila nyama kwa uma, wakajaliwa binti mmoja, Desolina.

Mwaka 2013 akili ya Mama Ilde ilianza kupotea kweli, akawa hamtambui hata binti yake, ila marehemu alipompigia glasi jioni, Mama alitulia, akaimba. Septemba mwaka huu marehemu aliugua moyo, akafariki nyumbani tarehe 9 Novemba 2019, akimuuliza Desolina neno moja tu, "Nani atamfuata mama yako huko aliko?"

Tunawashukuru madaktari, majirani mliovumilia glasi zile, wanamuziki wenzake, nanyi wa roshani ya juu, ambao leo mmekaa kimya.

Mama yupo hapa mbele, tangu asubuhi anauliza mbona muziki haujaanza. Baba, pumzika kwa amani, glasi zina maji, na Desolina ameshanawa mikono.