Bi Maswali Aaga Meza ya Mafua

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika zahanati yetu, muuguzi wa mapokezi anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 29 Agosti. Wagonjwa wengi hawalijui jina lililo kwenye kitambulisho chake. Wao humwita Bi Maswali, naye huitika bila kinyongo. Sherehe ya kumuaga ilikuwa ifanyike mapema zaidi, ikaahirishwa kwa sababu ambayo msomaji ataikuta huko mbele.

Alianzia chumba cha sindano, ambako watoto walikuwa wakimwona tu wanaangua kilio kabla hata hajafungua kabati. Hakupenda kuliliwa. Akaomba ahamishiwe mapokezi, kwenye ile meza ya mbao iliyo kati ya dirisha la dawa na benchi la kungojea, na hapo akaota mizizi. Kazi yake ilikuwa kumsikiliza kila anayeingia na kuamua nani amwone daktari sasa hivi, nani asubiri zamu, na nani arudi nyumbani akapumzike na kunywa maji ya kutosha.

Msimu wa baridi benchi zima hupiga chafya, na hapo ndipo udadisi wake ulipopata uwanja. Nani mwingine nyumbani anakohoa? Ulianza kidogo kidogo au uliangushwa ghafla? Leo una nafuu kuliko jana? Mafua ya kawaida yana mwendo wake, na alitaka kuusikia wote: koo kuwasha, kisha pua kuchuruzika, chafya, kichwa kizito, pengine homa kidogo, na baada ya wiki moja hivi yanaondoka yenyewe, ingawa kikohozi huweza kubaki nyuma kikivuta miguu. Aliyeangushwa ghafla na homa kali na viungo kuuma, tena bila chafya hata moja, alimleta moja kwa moja kwangu maabara apimwe.

Akishamaliza hayo, alihamia kwenye habari za majirani, harusi za wapwa na ugomvi wa mipaka ya viwanja. Wageni walimdhania mmbea. Tuseme ukweli, umbea nao ulikuwemo. Lakini alikuwa akisikiliza pumzi. Mtu anayeweza kusimulia kisa cha jirani yake mpaka mwisho bila kukatika alimwacha angoje. Anayesimama katikati ya sentensi kutafuta hewa, au anayejishika kifua, aliruka foleni yote, na hakuna aliyethubutu kunung'unika.

Fundi viatu wa barabara ya nyuma aliwahi kumletea leso tatu zilizofungwa kwenye gazeti, ili aone jinsi makamasi yalivyobadilika kutoka meupe hadi kijani. Bi Maswali alizikagua zote kwa hamu ya mtu anayechagua kitambaa dukani. Kisha akamwambia rangi peke yake haitoshi kuhukumu, na kwamba antibiotiki haziui virusi vya mafua. Fundi aliondoka amenuna kwa kukosa vidonge. Wiki iliyofuata alirudi mzima kabisa, akamshonea kandambili zake bure.

Kwa watoto hakuwa na masihara. Mama aliambiwa amfunue mtoto kifua, na mbavu zikibonyea kila anapovuta pumzi, au ikiwa amekataa kunyonya, daktari aliitwa hapo hapo. Kichanga asiyetimiza miezi mitatu akiwa na homa hakuwahi kukaa kwenye lile benchi.

Sasa tufike kwenye kuahirishwa kwa sherehe. Zikiwa zimebaki wiki chache astaafu, Bi Maswali alipata mafua. Alivaa barakoa, akatuambia kutoka mlangoni kwamba ni mafua tu, yatapita. Kweli yalielekea kupita. Halafu akaja kazini amenyamaza. Maswali yake yakawa mafupi, mengine hayakufika mwisho. Sote tukaamua kuwa ni huzuni ya kuagana. Daktari alinong'ona kwamba tumwachie nafasi. Karani alifuta machozi. Mimi nilipita karibu na meza yake kwa kunyata, nikijiona mtu mwenye utu sana.

Aliyetuzindua ni fundi saa, mgonjwa wetu wa siku nyingi, ambaye shemeji yake alikuja kumtembelea kwa siku mbili akahamia moja kwa moja. Bi Maswali alikuwa akifuatilia mkasa huo kwa miezi. Siku hiyo alimuuliza kuhusu kikohozi tu, basi.

"Nesi, leo hata shemeji humuulizi?" fundi alishangaa. "Na kuna jipya!"

Alijaribu kujibu, neno likakatika, akashika ukingo wa meza. Fundi akainuka akamtazama mabega yakipanda na kushuka, kisha akapaza sauti: "Daktari! Nesi wenu hapumui vizuri!" Akamtia Bi Maswali mkononi kadi yake ya foleni, mwenyewe akaenda kukaa mwisho wa benchi.

Homa ilikuwa imerudi, kali kuliko mwanzo, na kila akikohoa ubavu ulimchoma. Picha ya kifua ikaonyesha nimonia. Jambo lile lile alilotuonya miaka yote, kwamba mafua yakipungua kisha homa ikarudi usingoje, lilikuwa limekaa mbele yetu na sisi tunalionea huruma. Alilazwa hospitali kubwa akiwekewa oksijeni. Tuliogopa sana. Wagonjwa waliendelea kuja, wakakaa mbele ya meza tupu na kuanza kueleza habari za nyumbani kwao bila mtu wa kuzisikiliza.

Nilipokwenda kumwona, alisogeza kidogo barakoa ya hewa na kuuliza kama shemeji ameondoka. Nikamwambia ameleta kitanda chake. Alicheka mpaka muuguzi wa wodi akanifukuza. Baadaye alinieleza kwa nini hakumwona daktari mapema: alijiuliza maswali yote mwenyewe, na mtu akijiuliza mwenyewe hujipa jibu analolipenda. Nimelifikiria sana jibu hilo nikiwa na hadubini yangu.

Amepona. Wiki hii amerudi mezani kumkabidhi kazi muuguzi mwenzake, na shemeji yupo bado.

Bi Maswali, asante kwa kila uliyemrudisha nyumbani bila dawa asizozihitaji, na kwa kila uliyemwahisha kwa daktari. Tunakutakia mapumziko mema na afya tele. Kila asubuhi mmoja wetu atakupigia simu kukuuliza umeamkaje. Tafadhali utujibu kwa kirefu, bila kupumzika katikati, tukusikie.