Dakika Nne Chini ya Mti wa Drapo

Nilikuwa pale. Mutu asikuletee habari za kuambiwa: miye niliona yote kwa macho yangu haya mawili, siku ya kwanza ya kazi ya mwaka 1978, nikiwa nimekaa kwenye benchi yetu, ubao juu ya mawe meusi ya volkano, mbele ya depo ya kahawa, njia ya kwenda Kibati. Tulikuwa tunakunywa ile kahawa ambayo wamama wa depo wanachagua na kutupa. Kwetu ilikuwa nzuri tu. Kwenye baraza ya depo kulikuwa saa kubwa ya ukutani, mishale miwili, wa masaa na wa dakika, basi. Kila asubuhi Mulumeoderhwa, tuliyemuita Papa Janti, alikuwa anaichunga, na ikifika saa moja kamili anapiga janti ya kamiyo, kile chuma cha gurudumu la lori, iliyotundikwa kwenye nguzo. Janti ikilia, drapo, ile bendera ya inchi, inapanda kwenye mti wake, wafanyakazi wamesimama wima, halafu kazi inaanza. Miaka kumi na moja hakukosa hata siku moja. Asubuhi ile komisere, mukubwa wa serikali, alikuja kututembelea. Radio ya jeep yake ikapiga saa moja, watu wote wakasikia, na janti kimya. Komisere akasimama dakika nne chini ya mti wa drapo, mutupu. Alipoondoka, Directeur wa depo akamuambia Papa Janti: saa nne uwe bironi kwangu na maelezo, ukikosa, unatoka kazini na kwenye nyumba ya depo pia. Papa Janti alikuwa na bibi na watoto sita mule. Ilikuwa saa tatu na nusu alipokuja kukaa na sisi.

— Ni ile segonde, akasema. Jana radio ilitangaza. Dunia inazunguka pole, haitembei tena sawa na saa. Bale benye kuchunga saa za dunia yote bameongeza segonde moja, ili saa ingojee dunia. Basi na miye nikaingojea.

— Segonde moja njo ilisimamisha komisere dakika nne? akauliza Docteur. Tulimuita Docteur kwa sababu aliwahi kufagia hospitali.

— Saa yetu haina mushale wa segonde. Kitu kidogo naweza kurudisha nyuma ni dakika moja. Nilirudisha moja. Moja tu, papa!

— Angalia mutu! akasema Docteur. Banakuomba unywele moja, weye unabaletea kichwa.

— Mumuache, akasema Géomètre. Huyu naye alipata jina kwa kubeba munyororo wa wapima mashamba wiki mbili. Kosa ni ya volkano, ile Nyiragongo. Mwaka jana ilitapika tumbo yote huku Kibati. Dunia ikabaki nyepesi upande wetu. Pakia kamiyo magunia upande moja, uone kama itapanda milima ya Masisi bila kuyumba.

— Moto ilitoka ndani ikaanguka hapahapa, Géomètre, akasema Docteur. Uzito ilienda wapi?

— Ilihama! Ukibeba mutoto kwa tumbo na ukimubeba kwa mugongo, unatembea sawa?

— Weye ulibeba mutoto kwa tumbo lini?

Tukacheka, isipokuwa Papa Janti. Docteur akajaza kikombe chake tena.

— Dunia iko na tension, akasema, presha ya damu. Niliona bagonjwa wa ile: mutu anaanza kwenda pole, pole, halafu anakaa chini. Hapana kumuongezea segonde. Apigwe sindano.

— Sindano kwa dunia! akasema Géomètre. Utaichoma wapi?

— Ndani ya ziwa. Huku kwengine ni mawe matupu, sindano itavunjika.

Sikuweza kuacha wajinga wale wamuharibie mutu akili. Nikawaambia ukweli: kule Ulaya kuko nyumba ya chuma, segonde zimepangwa ndani kama mayai. Mchana wa kwao wakati wa baridi ni mufupi, wanaona haya. Kwetu mchana na usiku ni sawa mwaka muzima, kwa hiyo wanachukua zetu, wakijua hatutahesabu.

— Uliiona hiyo nyumba? akauliza Géomètre.

— Mulango niliufungua kwa mukono wangu.

— Weye! Juzi ulipotea njia ya Katoyi, katoto ka mutu kakakurudisha!

— Bapapa, akasema Papa Janti, na sauti yake ilikuwa ndogo, imebaki robo saa. Miye niseme nini kwa Directeur? Volkano, sindano, ama mayai?

— Sema yote tatu, Docteur akamujibu. Achague mwenyewe.

Hapo akatokea Mukamugema, mama moja aliyetoka Masisi, aliyeanza kuchagua kahawa pale depo wiki ile tu. Alikuwa na kitunga kichwani, na hakukishusha.

— Jambo, bapapa. Papa Janti, ulirudisha dakika ngapi?

— Moja, mama.

— Na saa ilichelewa ngapi?

— Ine.

— Sasa zile tatu zingine, nani alizirudisha?

Baraza ile haina mulango. Jana yake ilikuwa Jumapili, depo imefungwa, mutu yeyote anapanda. Docteur akapuliza kahawa iliyopoa zamani. Géomètre akaona kitu kwenye kiatu chake. Miye nilikuwa nimepita pale nikitoka misa. Nilisikia radio, nikajisemea: huyu Papa Janti hakusoma, habari ya segonde ataijulia wapi, heri nimusaidie. Kiti cha kupandia nilikikuta tayari chini ya saa, kikiwa na vumbi la viatu vya watu wawili, na miye nikapanda.

Basi tukasimama wote watatu, wanaume kabisa. Tukaingia bironi pamoja naye, kila mutu akaweka dakika yake mbele ya Directeur, na Directeur akatushika mukono mumoja mumoja.

Hiyo ya kusimama niliongeza. Yale mengine yote niliyaona, hiyo moja ni ya kwangu. Papa Janti alituangalia, akangoja kidogo, kisha akaenda peke yake. Mukamugema akamusindikiza mupaka kwenye ngazi za biro. Sisi tulimaliza birika. Siku ya tatu godoro la Papa Janti likapita mbele yetu juu ya chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, bibi yake anasukuma, watoto wamebeba masufuria. Tukamusalimia Papa Janti vizuri. Akaitika. Docteur akasogea kidogo kwenye ubao, kama mutu anayemupa mwenzake nafasi, na ile nafasi ikabaki pale katikati yetu.