Absalom Hakuuawa na Baridi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Na yule anayetaka kuniambia ni mipango ya Mungu, azime yake sasa hivi.

Leo tunamkumbuka Absalom Wafula wa Kimilili, dereva wa familia moja mtaa wa Suwaidi, Riyadh. Amefariki Januari hii akiwa na miaka thelathini na mmoja. Narudia: Absalom Wafula, dereva, miaka thelathini na mmoja. Karatasi ya huko inasema moyo ulisimama. Nani aliwahi kufa moyo ukiendelea kupiga?

Absalom alikuwa mtu wa mizaha. Udereva aliujulia kwenye lori la miwa. Siku ya safari, ajenti aliyemtafutia kazi alimkuta akipakia sweta begini. "Sweta ya nini, ndugu yangu? Unaenda jangwani, si Limuru!" Akaiacha. Mimi mwenyewe nilikaa Riyadh, pale Shumaisi, miaka saba. Najua Januari ya kule inavyotafuna mifupa. Ajenti pia alijua. Jina lake ninalo, na mimi sisahau.

Chumba cha Absalom kilikuwa kando ya geti. Mlango wa chuma, dirisha lisilofunguka, na tundu la AC ambayo ilishang'olewa. Upepo uliingia hapo kama mwenye nyumba. Aliomba hita mara tatu. Mara tatu bosi akamjibu kwa Kiarabu chao kwamba hakuna, basi: "Hita mafi. Ni miezi miwili tu, halas." Na gari? Gari la kupeleka watoto shule lilipashwa moto dakika ishirini kila asubuhi, ndipo watoto wapande. Gari, wasikilizaji. Gari lilihurumiwa.

Dada yake, Metrine, anafanya kazi kwenye nyumba ya wageni huko Balad, Jeddah, ambako Januari mtu bado anatokwa jasho. Anasimulia: "Alinipigia akicheka. 'Dada, leo kioo cha gari kimeota barafu kama friji! Nimekimwagia maji ya chai, kikapasuka kutoka huku mpaka huku.' Nikamuuliza, na bosi? Akakata simu."

Bosi aliamuru kioo kipya kifunikwe blanketi kila jioni. Blanketi lipi? "Lako." Absalom alikuwa na mablanketi mawili. Akabaki na moja.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tunapofia. Kwetu Kimilili, baridi ya Julai ikizidi, mama huingiza jiko ndani. Tunaamka wazima, kwa sababu kati ya ukuta na mabati pana upenyo, na sumu ya makaa inatoka. Absalom alikuwa ameziba lile tundu la AC kwa katoni na selotepu. Akachukua makaa yaliyobaki kwenye moto wa wageni wa bosi. Akaingiza jiko, akafunga mlango, kama alivyoona kwao tangu utotoni.

Asubuhi gari halikuwashwa. Ndipo walipomtafuta. Narudia: walimtafuta kwa sababu gari lilikuwa baridi.

Mama yake ameniambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyemzoesha jiko." Hapana, mama. Wewe ulimzoesha kuota moto. Blanketi alinyang'anywa na mwingine, na huyo mwingine usiku ule alilala penye joto.

Pole sana, mama. Pole, Metrine. Poleni, watu wa Kimilili. Nanyi mnaosikiliza, kila mmoja ana mtu wake huko. Tafakarini, ndiyo, lakini simu ikiwa mkononi. Muulize: chumba chako kinapumua? Usikubali akujibu "niko sawa".

Maana wiki iliyopita bosi yule ameshaleta dereva mwingine. Anaitwa Laban, mtu wa Busia. Chumba ni kilekile. Katoni bado iko tunduni. Metrine alizunguka kwenye simu za Wakenya kutwa nzima mpaka akapata namba yake.

"Niko sawa, dada," Laban akamwambia. "Baridi ipo, lakini nimekuta jiko hapa. Nimeshaliwasha."

Metrine hakumsalimia.

"Toka nje," akamwambia. "Acha mlango wazi, utoke. Ukishafika nje ndio nitakuambia mimi ni nani."